Mradi wa kazini unakufa na watu wako kimya: jinsi ya kugundua mapema na cha kufanya

Mradi hauanzi kufa siku bosi anapotangaza kwenye kikao, siku hiyo unakuwa ushakufa zamani na karibu kila mtu anajua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Naandika kwa ajili ya yule alieko katikati, msimamizi wa mradi, afisa, mtu wa IT, yule ambae lawama zikija zinamwangukia yeye hata kama pesa hakuishika.

Anza na asilimia. Mradi ukishafika asilimia 90 alafu ukakaa hapohapo wiki ya tatu, ya nne, ya tano, jua hiyo 90 ilikuwa ya kukisia, hakuna mtu aliyehesabu kitu. Alafu soma ripoti za nyuma kwa kufuatanisha, mwanzoni unakuta zimeandikwa vitu: tumefunga kompyuta 20 tawi la Morogoro, tumechimba mtaro mita 300, baadae vitu vinapotea inabaki "tunaendelea kufuatilia" na "mawasiliano yamefanyika" na "kikao kilikaa". Wiki ambayo mafanikio yake ni kikao, hiyo wiki hakuna kilichofanyika. Dalili nyingine ambayo wengi tunaifurahia kimakosa ni pale wale mnaowatengenezea hicho kitu wanapoacha kusumbua kuuliza kitakuwa tayari lini, tunadhani wametulia kumbe washakata tamaa, wanaendelea na daftari lao la zamani. Na watu wazuri kwenye timu wanaanza kuomba uhamisho, mmoja mmoja.

Sasa ukishahisi usikimbilie kwa bosi na hisia, nenda kahakikishe. Kama ni jengo nenda saiti bila kuwataarifu, kama ni mfumo wa kompyuta mwambie mtu akae mbele yako aingize mteja mmoja mwanzo mpaka mwisho, risiti itoke, usikubali kuonyeshwa picha za slaidi. Ongea na wadogo, yule kijana wa stoo, dada anaeingiza data, mmoja mmoja tena sio mbele ya msimamizi wake, muulize swali moja tu, "ingekuwa pesa yako ungesema tunamaliza lini?" Utashangaa majibu yao yanavyofanana, na yanavyokuwa mbali na tarehe iliyoko kwenye ripoti.

Alafu piga hesabu ya spidi, na hapa ndo naomba uweke nguvu zaidi kuliko pengine pote. Tuseme mnahamisha mafaili ya wateja 12,000 kwenda mfumo mpya, miezi miwili imepita mmehamisha 1,500, maana yake ni 750 kwa mwezi, yamebaki 10,500, hiyo ni miezi 14 na dedlaini imebaki miezi mitatu. Hesabu ya darasa la nne, lakini kuna ofisi hazijawahi kuifanya mpaka mfadhili alipokuja kuifanya yeye.

Mfano mkubwa uko hapahapa kwetu, mradi wa karanga wa Waingereza enzi za Tanganyika. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, 1946 wakatuma timu ikazunguka kama wiki tisa, sehemu kubwa ya kuangalia ikiwa ni kwa ndege, ukaja mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 kwa bajeti ya kama pauni milioni 25. 1947 wakaanza Kongwa, mkoa wa Dodoma. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, yakaharibika na vipuri hakuna, mizizi ya vichaka na mibuyu ikawashinda, na udongo wa pale mvua ikikatika jua linaukausha unakuwa mgumu kama tofali, alafu una mchanga unaosaga majembe ya trekta. Na mvua yenyewe, Wagogo wangewaambia bure kabisa kwamba Kongwa huwezi kuitegemea. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika 10,000. Piga hesabu ileile ya spidi hapo, ni zaidi ya miaka 300 kumaliza. Hiyo namba ilikuwepo mwaka wa kwanza tu! Lakini waziri alishatetea bungeni, pesa ilishatoka, heshima ya serikali imeshawekwa rehani, ikabidi waendelee mpaka Januari 1951 ndo wakatangaza basi, na zaidi ya pauni milioni 35 zilishapotea.

Kwahiyo ukienda kwa bosi mtenganishe na pesa iliyokwisha kutumika, maana ndo inayomfunga. Iliyokwenda imekwenda iwe mmeendelea au mmeacha, swali ni hii iliyobaki. Nenda faragha, usimvue nguo mbele ya wakuu wa idara wenzake, hapo hata kama una haki atapigana. Mwambie hivi: "Shikamoo bosi, naomba dakika kumi. Mradi kwa spidi ya sasa utaisha mwakani Agosti sio Desemba hii, hesabu yake hii hapa karatasi moja. Naona njia tatu, tupunguze kazi tubaki na matawi mawili, au tuongeze muda na gharama yake ni hii, au tusimamishe. Mimi naona ya kwanza. Naomba uamuzi wako kabla ya tarehe 15 kwa sababu siku hiyo tunatakiwa kusaini oda ya vifaa." Ukienda na tatizo tupu utarudishwa nalo.

Mabosi wengi watakachokimbilia ni "basi ongeza watu". Kuwa makini sana hapo. Fred Brooks, aliyesimamia OS/360, programu kubwa ya kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM miaka ya 60, aliandika 1975 kwamba kwenye mradi wa programu uliochelewa kuongeza watu kunauchelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanafundishwa na walewale waliochoka, na watu wakiwa wengi kuelewana nako kunakula muda. Ukilazimishwa kupokea watu, wape kazi inayojitegemea.

Na akikataa kabisa, akakwambia funika kombe mwanaharamu apite? Mwandikie imeili ya heshima siku hiyohiyo, "kama tulivyoongea leo, hali ni hii na maelekezo niliyopata ni haya", itunze. Usisaini kitu ambacho hujakiona, hasa ukiwekwa kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi, mkaguzi akija miaka miwili baadae mdomo wa bosi hautakuwepo, sahihi yako itakuwepo. Na wadogo zako usiwaache waandike ripoti za uongo kwa majina yao, hilo kwa kweli linaniuma kuliko yote, kijana ana mwaka mmoja kazini unamchafulia faili kwa kosa lisilo lake.

Mkiamua kusimamisha msitawanyike tu. Tangazeni kwa maandishi, watumiaji waambiwe waendelee na utaratibu upi, orodhesheni kinachofaa, data iliyosafishwa, vifaa, mafunzo watu waliyopata. Ule mradi wa karanga ulikufa lakini bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake inapokea meli mpaka leo. Vibarua na wakandarasi wadogo walipwe kwanza, kabla hata ya ripoti ya mwisho, kwa sababu ripoti ikishapelekwa fungu linafungwa na yule mama aliyewapikia chai saiti atazungushwa mwaka mzima.