Somo: Kujaribu altimita mezani kabla haijaona ndege

Wengi wanaoanza simulesheni ya elektroniki za ndege hukimbilia usukani na skrini kubwa. Huo ni mchezo, si vibaya, ila si somo la leo. Kiwandani, ndege ya kuigiza kazi yake ni kukidanganya kifaa kimoja kwamba kipo angani, halafu wahandisi waone kinafanya nini mambo yakiharibika. Tutafanya hivyo kwa altimita (kifaa kinachopima mwinuko) hapa Kigoma, tukitumia kompyuta, FlightGear (programu ya bure ya kuigiza urukaji), Arduino Uno (bodi ndogo unayoiandikia programu) na mota ndogo ya servo yenye mshale.

Hatua ya 1: Jedwali la ishara. Kabla ya kugusa waya, andika kila ishara: jina, kipimo, kiwango cha chini na cha juu, inatumwa mara ngapi kwa sekunde. Ongeza safu ambayo watu huiruka: hali ya ishara. Kwenye ARINC 429, kanuni ya vifaa vya ndege kutumiana data inayotumika katika ndege nyingi za abiria, neno moja lina biti 32. Mwinuko wa presha husafiri kwa lebo 203, na biti ya 30 na 31 husema kama namba ni nzima, haijakokotolewa, ni ya majaribio au ni mbovu. Kifaa kinachosoma futi bila kuangalia biti hizo mbili, mimi sikiamini.

Hatua ya 2: Kila kitu ndani ya kompyuta. Washa FlightGear kwa `--airport=HTKA` (msimbo wa uwanja wa Kigoma), chagua hewa ya kawaida ya ISA (kielelezo cha kimataifa cha hewa). Tuma `/systems/static/pressure-inhg` kwa UDP (njia ya kutuma data kwenye mtandao) mara 10 kwa sekunde, na programu yako ya Python igeuze presha kuwa futi. Usitume futi zilizokwisha kupigwa hesabu. Altimita halisi inajua presha tu. Uwanja wa Kigoma uko karibu futi 2,700, kwa hiyo tegemea kama inHg 27.1 (inchi za zebaki, kipimo cha presha).

Hatua ya 3: Hamishia hesabu kwenye Arduino. Python ibaki tarishi wa kupeleka presha kwa USB. Rudia jaribio la hatua ya 2, ulinganishe futi zake na zile za Python. Kwenye Uno R3 `double` ina baiti 4 tu, sawa na `float`, basi tofauti ya desimali isikutishe. Ya futi 50 ikutishe.

Hatua ya 4: Haribu. Chomoa USB kwanza. Mshale ukibaki pale pale bila onyo lolote, rudi hatua ya 1. Kisha weka `/systems/static/serviceable` kuwa `false`, yaani kama tundu la presha ya hewa limeziba, uruke kuelekea ziwani. Ndege inapanda, mshale umeganda, na kipima mwendo kinaanza kusoma chini ya mwendo halisi. Hapa ishara inafika vizuri, hali yake "nzima", na bado ni uongo.

Ndilo lililoikuta Boeing 757 ya Aeroperú, safari 603, mwaka 1996: matundu ya presha yalizibwa kwa utepe wakati wa kuosha ndege, ukasahaulika. Marubani waliomba mwinuko kwa waongoza ndege wa Lima, wakasomewa namba iliyotoka kwenye ndege hiyo hiyo. Wote 70 walikufa. Kwa hiyo ukitaka kuhakiki, tafuta chanzo kisichopitia tundu lile lile.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mshale wangu unatetemeka hata ndege ikiwa imesimama.*
Mota inanyonya umeme wa Arduino. Ipe volti 5 zake, ila waya za ardhi ziunganishwe pamoja.

*Niko Tabora, nitumie namba gani?*
HTTB, karibu futi 3,870. Presha kama hPa (hektopaskali) 879, sawa na inHg 26.

*Nikimaliza naweza kuifunga kwenye ndege ya mtu?*
Hapana, ndugu yangu. Programu za ndege hupitia kanuni za usalama za DO-178C, vifaa vya elektroniki DO-254, na bila kibali cha mamlaka haifungwi. Hii ni ya mezani.

*Kaka, umesema chanzo kingine. GPS na presha si hutofautiana hata kukiwa hakuna hitilafu?*
Hutofautiana, tena sana hewa ikiwa ya joto. Usilinganishe mwinuko, linganisha mabadiliko: GPS imepanda futi 500 na presha haijasogea hata kidogo, toa bendera nyekundu.