Anza na daftari la mangi, programu baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye wazo, laptop na akiba kidogo. Mfano ni programu yetu ya kutunza madeni ya maduka ya mtaani Dar es Salaam, maana ndiyo iliyonila pesa hadi nikajifunza.

Hatua ya 1: Kaa dukani

Usiende na dodoso. Omba kiti, kaa jioni mbili tatu kuanzia saa kumi na mbili, watu wakitoka kazini. Sisi tulijifungia kwanza miezi minne, tukatoka na fomu safi: jina kamili la mteja, namba ya simu, tarehe ya kulipa. Kisha nikakaa kwa mangi (mwenye duka) mmoja Manzese na kuchungulia daftari lake. "Mama Zai sukari robo." "Kijana wa boda soda 2." "Dada nyumba ya bluu unga nusu." Namba ya simu hakuna hata moja. Anaandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika mfuko wa mchele, na foleni inasubiri. Fomu yetu ilitaka dakika nzima.

Tulijivunia pia meseji ya kumkumbusha mdaiwa. Mangi akaikataa palepale: "Mdogo wangu, ukimtumia hiyo atahamia duka la pili, na deni langu anaondoka nalo." Alichotaka ni jumla tu: pesa yake kiasi gani iko mtaani kabla hajaenda Kariakoo kufunga mzigo. Hiyo ndiyo bidhaa tuliyokuja kuuza.

Hata M-Pesa ilipita huko. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007, ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Hatua ya 2: Uza kabla hujatengeneza

Tafuta maduka kumi. Kila usiku wakutumie picha ya daftari kwa WhatsApp, ujumlishe mwenyewe kwenye jedwali, asubuhi uwarudishie hesabu. Kazi inachosha, na ndiyo maana yake: utajua kipi kinastahili kutengenezewa programu. Toza tangu wiki ya kwanza, hata 2,000. Kwetu wanane walisema wazo ni zuri sana, watatu wakalipa. Hesabu hao watatu. "Wazo zuri" ni adabu tu, kama "karibu tena".

Hatua ya 3: Andikianeni

Nilimpa rafiki yangu nusu ya hisa siku ya kwanza. Mwezi wa saba akapata ajira, akaondoka, nusu ikabaki kwake. Wekeni mkataba kwamba hisa zinapatikana kidogokidogo, tuseme kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka haondoki na kitu. Mlipe wakili aupitie.

Hatua ya 4: Makaratasi

Kampuni inasajiliwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara; TIN, namba ya mlipakodi, inatoka TRA, mamlaka ya mapato. Usisahau kwamba unashika majina na madeni ya watu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Hatua ya 5: Tengeneza kidogo

Skrini moja: jina lolote, kiasi, basi. Ifanye kazi bila intaneti, itume kumbukumbu bando likirudi. Ijaribu kwenye simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, usiijaribu kwenye yako.

Hatua ya 6: Hesabu wanaorudi

Achana na idadi ya waliojisajili. Uliza: walioanza mwezi uliopita, wangapi bado wanaandika madeni wiki ya nne? Kwetu maduka 40 yalianza, 11 yakabaki. Tukasimamisha matangazo, tukayafuata yale 29 mlango kwa mlango. Mengi yalikwama mahali pamoja: simu ya duka inashikwa na watu wawili, na msaidizi hakuwa na neno la siri.

Hatua ya 7: Pesa na mtu wa kwanza

Gawa akiba kwa matumizi ya mwezi. Milioni 6 kwa laki 8 ni miezi saba na nusu. Anza kutafuta pesa nyingine ikibaki minne, kwa sababu wawekezaji hawana haraka na wewe unayo.

Ukiajiri, usianze na mtaalamu wa programu. Sisi tulimchukua dada aliyekuwa akisambaza vocha. Alijua kila mangi anafunga saa ngapi, na yupi usimguse kabla hajanywa chai.