Jinsi ya kupima nafasi ya mwanafunzi kupata chuo chenye ushindani mkali Marekani

Chuo kinachokubali asilimia 8 ya waombaji hakimpi kila mwombaji nafasi ya asilimia 8. Wapo walio na nafasi nzuri kuliko hiyo, na wapo ambao faili zao hazifiki mbali. Kazi yako ni kujua mwanafunzi huyu yuko kundi gani.

Anza na Common Data Set, waraka wa takwimu ambao vyuo vingi vya Marekani huutoa kila mwaka. Andika mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno hayo, kisha uende sehemu ya C. C7 inaonyesha uzito wa kila kigezo: muhimu sana, muhimu, kinazingatiwa, hakizingatiwi. Kama hamu ya mwombaji kwa chuo haizingatiwi, usimtume mtoto kutembelea chuo ili ajulikane.

C9 ina alama za walioandikishwa katika SAT na ACT, mitihani ya kuombea vyuo Marekani. Chuo kikiandika SAT 1480 hadi 1560, maana yake robo walipata 1480 au chini na robo walipata 1560 au zaidi. Robo ile ya chini huwa na wanamichezo waliotafutwa na makocha na wengine ambao chuo kina sababu ya pekee ya kuwataka. Asiye na sababu kama hiyo ajipime na nusu ya juu. Angalia pia ni asilimia ngapi waliwasilisha alama hizo. Pale mtihani si lazima, wenye alama ndogo hunyamaza, na kiwango kinaonekana cha juu kuliko kilivyo. Vyuo vya University of California haviangalii SAT wala ACT kabisa katika udahili, kwa hiyo huko ruka hatua hii.

C21 ndiyo inayodanganya watu wengi. Inahusu maombi ya mapema ya kujifunga, yale ambayo ukikubaliwa sharti uende. Chukua mfano wa kubuni: maombi 20,000, waliokubaliwa 1,600, yaani asilimia 8. Kati yao, maombi ya mapema ni 2,500 na waliokubaliwa humo ni 600: asilimia 24! Ila kama 250 kati ya hao 600 ni wanamichezo waliokwisha kuahidiwa, watoe pande zote mbili. Wanabaki 350 kwa 2,250, karibu asilimia 16. Na anayesubiri awamu ya kawaida anagombea nafasi 1,000 na wenzake 17,500, chini kidogo ya asilimia 6. Kwa hiyo kuomba mapema kunasaidia, lakini si mara nne.

Alama za darasani husomwa pamoja na shule zilikotoka. Mwenye A tupu aliyekwepa masomo magumu yaliyofundishwa shuleni kwake hana nguvu ya aliyeyachukua. Mshauri wa shule akiwa na kumbukumbu za waliotangulia, alama zao na vyuo vilivyowakubali, hizo zina thamani kuliko kikokotoo chochote cha mtandaoni.

Mwombaji kutoka nje ya Marekani anayehitaji msaada wa fedha ana hesabu yake. Harvard, Yale, Princeton na MIT hazimpunguzii mtu nafasi kwa sababu hiyo. Vyuo vingi vingine huangalia mfuko wake kabla ya kuamua, na hapo punguza makadirio bila huruma.

Usijumlishe bahati. Vyuo kumi vya asilimia 10 kila kimoja vingekupa kama asilimia 65 ya kupata angalau kimoja, endapo kila uamuzi ungejitegemea. Haujitegemei: insha dhaifu inasomwa kote. Chuo kinachokubali chini ya asilimia 15 kiweke kundi la mbali, yaani la kujaribu tu, hata kwa mwenye SAT ya 1580, na orodha iwe na angalau vyuo viwili vya uhakika ambavyo familia inamudu na mtoto mwenyewe yuko radhi kusoma.