Kidhibiti joto cha bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto): ninavyokifunga na kukipanga hapa Njombe

Kundi langu la kwanza la vifaranga niliharibikiwa nalo kwa sababu ya msumari. Walikuwa kuku aina ya Kuroiler, 150 wa siku moja, wamesafiri na basi usiku kucha ndani ya maboksi, na huku kwetu ulikuwa mwezi wa sita, wakati ambao ukishuka bondeni alfajiri unakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Fundi alikuwa amefunga kidhibiti joto, kifaa kinachowasha na kuzima taa za joto, vizuri kabisa, isipokuwa waya wa sensa, yaani ncha inayopima joto, aliuning'iniza kwenye msumari ukutani, usawa wa kifua changu, kwa kuwa hapo ndipo ulipofika bila kuungwa. Kioo kilisoma 34, taa zikazima, nami nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta vifaranga wamerundikana kona moja. Waliokuwa chini ya rundo, 41, walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Nilishusha sensa hadi kwenye maranda: nyuzi 24.

Kifaa hakikuwa na kosa. Hewa ya moto hupanda juu, na kilipima pale kilipowekwa. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 26 na hatukuwahi kumtazama mtoto mchanga kwa kupima ukuta. Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu vitufe, naomba ulishike hili la sensa: ncha yake ikae usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita tano juu ya maranda, pembeni kidogo ya duara la mwanga. Ukiiweka katikati chini ya taa, itapata moto mapema na kuzima taa huku walio pembeni wakitetemeka. Ukiiweka karibu na chombo cha maji italoana na kusoma chini. Mimi naiingiza ndani ya kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa kiganja, nilichokitoboa matundu mengi kwa msumari wa moto, kisha nafunga bomba kwenye kijiti. Bila hivyo vifaranga huilalia, na joto la miili yao hukidanganya kifaa. Wanavyokua, nami naipandisha.

Kifaa ninachotumia ni cha aina ya STC-1000, kile kidogo cheusi chenye tarakimu nyekundu, ambacho wengine hukifunga kwenye majokofu. Ukinunua, soma nyuma yake kama kimeandikwa 220V, kwa sababu vipo vya volti 12 na vya 110 vinavyofanana navyo kabisa kwa sura. Kufunga mwachie fundi umeme, lakini simama naye. Nyuma kuna pini nane. Ya 1 na ya 2 ni umeme wa kukiwasha, 3 na 4 ni za sensa, 5 na 6 ni za kupasha joto, 7 na 8 ni za kupooza, ambazo sisi tunaziacha wazi. Fundi wangu alinionyesha jambo ambalo huwachanganya wengi: "Mama, hapa 5 na 6 hapatoki umeme. Ni swichi tu. Waya wa moto lazima tuutoe huku pini ya umeme tuuingize 5, halafu 6 iende kwenye taa." Nyutro, waya wa kurudishia umeme, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye taa. Ukiona kifaa kinawaka, alama ya joto inaonekana, lakini taa haziwaki, mara nyingi kasoro iko hapo.

Swichi hiyo ya ndani inabeba ampea 10. Taa zangu ni tatu za wati 250, jumla 750, yaani ampea tatu na kidogo, hivyo hakuna wasiwasi. Mwenye banda kubwa lenye taa nane asiilazimishe. Amwambie fundi aweke kontakta, yaani swichi kubwa ya kubeba umeme mwingi. Holda ziwe za kauri, maana za plastiki huyeyuka kwa taa hizi, na kila taa ining'inie kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme. Maranda yetu ya mbao za misonobari ni makavu sana. Taa ikianguka juu yake, banda limekwenda.

Jambo jingine nililojifunza ni giza. Kifaa kikizima taa za joto usiku, vifaranga hubaki gizani, wanaogopa na kurundikana hata kama joto linatosha. Weka taa ndogo ya LED, wati tano tu, iliyofungwa nje ya kidhibiti, iwake muda wote.

Sasa hakikisha kifaa kinasema kweli. Wengine hushauri kutumbukiza sensa kwenye maji yanayochemka na kutarajia 100. Hapa Njombe usifanye hivyo. Tuko juu, karibu mita 2,000, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi; ndiyo maana maharage yanatuchelewesha jikoni. Mimi natumia kipimajoto cha homa. Nachukua bakuli kubwa la maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, naweka ncha ya kipimajoto na ncha ya sensa pamoja bila kugusa bakuli, nakoroga taratibu, kipimajoto kikilia nasoma vyote viwili papo hapo. Changu kilisoma 39.2 wakati kipimajoto kinasema 37.8. Tofauti ya 1.4 ni kubwa kwa kiumbe mwenye uzito wa gramu 40.

Kupanga ni hivi. Bonyeza kitufe cha S na ukishikilie sekunde tatu, itatokea F1. Kwa vitufe vya mishale unapita F1 hadi F4. Ukifika unapotaka, shikilia S, namba itaonekana, na huku bado umeshikilia S bonyeza mshale kupandisha au kushusha. Achia. Ukimaliza yote, gusa mara moja kitufe cha kuwashia ili ihifadhi. Hapa ndipo wenzangu wengi hukwama: ukikaa sekunde kumi bila kugusa chochote, kinatoka chenyewe na kusahau ulichoandika. Kwa hiyo andika namba zako kwenye karatasi kwanza, ndipo uanze.

F1 ni joto unalotaka. F2 ni nafasi ya kushuka kabla taa hazijawaka: nikiweka F1 34 na F2 1.0, taa zinazima kwenye 34 na kuwaka kwenye 33. Usiweke 0.3, taa zitakuwa zinakonyeza kila baada ya muda mfupi na kuchosha swichi. F3 ni dakika za kupumzisha kompresa upande wa kupooza, kwa sababu kompresa ya jokofu au AC ikizimwa na kuwashwa papo hapo huumia. Sisi wa taa haituhusu. F4 ndiyo marekebisho; mimi niliweka -1.4.

Washa siku nzima kabla vifaranga hawajafika, ili sakafu na maranda vipate moto, si hewa peke yake. Siku tatu za kwanza naacha 34. Kuanzia siku ya nne napunguza nyuzi moja kila baada ya siku mbili, na kalenda ya ukutani ndiyo inayonikumbusha. Hivyo siku ya 21 niko kwenye 25. Kushusha nyuzi tatu kwa mkupuo mwanzoni mwa wiki, kama vijikaratasi vingi vinavyoelekeza, sikupendi kwa baridi yetu. Kwenye LUKU taa zangu zingewaka mfululizo zingekula uniti 18 kwa siku. Wiki ya tatu huwa natumia 10 au 11.

Hata hivyo kioo kisikuzuie kutazama. Amka saa kumi alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko saa zote, uingie polepole. Wakiwa wamesongamana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakiwa wamekimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa yamelegea, wameunguzwa. Wote wakiwa upande mmoja, tafuta tundu linaloingiza upepo. Kisha mshike mmoja, uweke nyayo zake shavuni kwako. Zikiwa za baridi, pandisha F1 kwa nyuzi moja, hata kama kioo kinasema 34.

Umeme ukikatika, namba zako hazipotei, ukirudi kinaendelea. Lakini saa moja ya giza mwezi wa saba ni ndefu. Nina madumu manne ya lita tano na chupa kubwa za chai zenye maji ya moto. Najaza madumu, nayafunga kwa gunia, nayaweka ndani ya duara la vifaranga na kufunika sehemu ya juu kwa shuka jepesi. Jiko la mkaa sitii ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake usioonekana huua vifaranga, na kazini nimepokea watu waliolala nalo.

Kioo kikiandika EE, sensa imekatika au imelegea, na taa hazitawaka. Mara mbili kwangu alikuwa panya. Kwa hiyo nina sensa ya akiba, na kundi likitoka nafuta ile ya kwanza kwa kitambaa chenye dawa, nakunja waya na kuutia kwenye ndoo yenye mfuniko hadi kundi lijalo, ambapo naanza tena na bakuli la maji.