Jinsi ya kuendesha grupu la wanaharakati bila kufukuza kila anayepinga

Nianze na kosa langu ili mjue haya maneno nayatoa wapi. Miaka kadhaa nyuma nilikua admini wa grupu la WhatsApp la kata yetu, watu kama 140 hivi, wengi wapinzani na wachache hawana chama, tunadai maji na tunadai katiba mpya. Tukapanga mkutano wa hadhara Jumapili. Dada mmoja mwalimu akaandika tuahirishe wiki moja kwasababu haoni kama polisi wameshapelekewa taarifa na yeye hataki wazee waitwe alafu waje kukimbizwa. Watu wakamshukia. Muoga, chawa, umetumwa, umepewa shingapi. Mimi ndo nilimtoa kwa mkono wangu na nikaona nimelinda harakati. Jumapili ikafika tukazuiwa, barua ilikua bado iko kwenye begi la mtu, wakati sheria inataka taarifa ifike polisi si chini ya saa 48 kabla. Kuzuiwa kuliniuma ila kilichoniuma zaidi ni wenzetu watatu walionifata baadae wakaniambia nao walikua na wasiwasi uleule, sema walivyoona alichofanyiwa yule dada wakaamua kunyamaza.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Tunaitaja kila siku tukiielekeza serikalini, na tuna haki ya kuielekeza huko, watu wameumia nchi hii kwa kusema tu. Ila huwezi kumdai mwenzio kitu ambacho wewe mwenyewe nyumbani kwako hukitoi. Kwaiyo hapa naandika tulivyobadilisha mambo, na wewe chukua kinachokufaa.

Kwanza andika kanuni kabla ugomvi haujaja. Ugomvi ukishaanza kila kanuni utakayoandika itaonekana imemlenga mtu fulani. Na kanuni zenyewe ziwe fupi, zinazosomeka bila kuskroli. Zetu zinataja vitu vya kumtoa mtu na ni vinne tu: kutishia mtu, kuweka namba ya simu au picha ya familia ya mtu bila ruhusa yake, kutukana kabila au dini, na kumzushia mtu jambo la uongo. Hilo la mwisho mlichukulie kwa uzito maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote, na hata kama wewe kama mimi unaona hiyo sheria imetumika vibaya kunyamazisha watu, bado kumzushia binadamu mwenzio sio uhuru wa maoni. Nje ya hayo manne mtu hatolewi. Hata akisema mwenyekiti kakosea. Hata akisema rais anafanya kazi nzuri.

Hapo kwenye la rais ndo watu wengi wanashindwa, nalijua hilo.

Pili, fungieni maneno. Sio mawazo, maneno. Chawa, nyumbu, mbogamboga, msaliti, mamluki, umenunuliwa. Haya maneno yana kazi moja tu, kumgeuza mtu awe mada ili hoja yake isijibiwe. Ukiona mtu amemuita mwenzake amenunuliwa, admini aulize swali moja tu hadharani: nani kamnunua, lini, ushahidi uko wapi? Kama upo uletwe. Kama haupo aliyesema anafuta meseji yake na mjadala unaendelea palepale ulipoishia. Sisi wiki za kwanza ilikua vita yani, kila siku mtu anaambiwa futa, alafu taratibu watu wakazoea kujibu kilichosemwa.

Angalia mwaka 2025 ulivyokua kwa wapinzani. Januari pale Mlimani City, Lissu na Mbowe waligombea uenyekiti wa CHADEMA, kampeni ilikua na maneno makali sana, kura zikahesabiwa Lissu 513 Mbowe 482, Mbowe akakubali matokeo. Pengo la kura 31 tu na chama kikapata mwenyekiti. Mimi hapo nilijivunia kweli. Miezi michache tu mbele, wale wa G55, kundi la wanachama wa CHADEMA, walipopinga msimamo wa chama wa kutoshiriki uchaguzi bila mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi, mitandaoni watu wengi hawakujibu hoja kabisa, walienda moja kwa moja kwenye usaliti na kununuliwa, na Mei wengi wao wakahamia chama kingine cha upinzani, CHAUMMA. Mimi binafsi sikukubaliana na G55. Lakini swali lao la chama kisiposhiriki wanachama wa chini watafanya nini lilikua swali halali, na lilistahili jibu la hoja.

Tatu, kabla hujamjibu anayepinga, rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka yeye aseme ndio hapo umenielewa. Inachosha, najua. Ila utashangaa mara ngapi mnagombana na kitu ambacho mwenzio hajakisema. Na kama mjadala umeshapanda moto hamisheni kwenye kukutana ana kwa ana, kijiweni, chini ya mwembe, popote, maana mtu anayeandika matusi usiku wa manane ukikaa nae kwenye benchi na kahawa anaongea vingine kabisa.

Nne, admini ambaye yumo kwenye ugomvi asiguse kitufe. Mimi nilipomtoa yule dada nilikua nabishana nae mwenyewe, nilikua mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja. Sasa hivi tuna maadmini watatu na kumtoa mtu inataka wawili wakubaliane ambao hawakuhusika, alafu anayetolewa anaambiwa kosa lake ni lipi kati ya yale manne na anarudi lini.

Tano, kwenye vikao wanaopinga wapewe nafasi yao rasmi. Mwenyekiti aulize kabisa, nani anaona huu mpango una kasoro, alafu akae kimya ahesabu mpaka 20 kichwani, maana watu wetu hawanyooshi mkono haraka, hasa kina mama wakiwa wamekaa na wanaume. Mkipiga kura wengi wanapita lakini hoja ya wachache iandikwe kwenye muhtasari. Ukiona hii ni kupoteza muda kumbuka Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991. Iliuliza watu zaidi ya 36,000, karibu asilimia 80 wakataka tubaki na chama kimoja, kama asilimia 20 tu ndo walitaka vingi. Tume ikawasikiliza hao wachache, ikapendekeza vyama vingi, na kufika Julai 1992 vikawa halali kisheria. Wapinzani wote wa leo tumepitia mlango waliofungua wale wachache.

Sasa kuna jambo watu wananiuliza kila mara, vipi kama kweli katumwa? Hofu hiyo siidharau, watu wamechukuliwa na wasiojulikana na familia mpaka leo zinatafuta. Dawa yake ni kutenganisha mjadala na siri. Nani analala wapi, nani anabeba nini, mtu gani yuko hatarini, hayo hayakai kwenye grupu la watu 140 hata kama wote ni malaika, yanakaa kwa watu wachache wanaojuana kwa miaka. Grupu kubwa libaki la hoja tu, na hoja hata ikisomwa na aliyetumwa haina madhara, tunazisema hadharani hizohizo. Ukishatenganisha hivyo hutakua na sababu ya kumshuku kila anayeuliza swali gumu.

Alafu akikamatwa mtu wa upande mwingine kwa alichosema, kada wa CCM, mchungaji, msanii, yeyote, andikeni kumtetea siku hiyohiyo na msianze na "ingawa hatukubaliani nae". Mtetee kwanza.

La mwisho ni kwa waliofanya kama mimi. Kama kuna mtu ulimtoa kwa maoni yake mrudishe, ila usimuongeze tu kwenye grupu kimyakimya kama hakijatokea kitu. Mpigie simu. Mwambie ulikosea nini, alafu mwambie utalisema hilo hilo mbele ya wote maana ulimdhalilisha mbele ya wote. Mimi yule dada nilimpigia baada ya miezi minne, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kaka nimekuelewa ila grupuni sirudi kwanza, nitakuja kikao cha Jumamosi nikae nisikilize. Alikuja. Alikaa karibu na mlango, na mwenyekiti alipouliza nani anaona kasoro, alinyoosha mkono.