Umefutwa kazi juu ya mimba? Panga haya kabla hujaenda ofisi ya leba ya serikali

Kenya hatuna pesa ya serikali ya kukusukuma ukikosa kazi vile wanalipwa Marekani, kwa hivyo bosi akikufuta na akukatalie malipo yako, landlodi wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, hakungoji, na ndio maana watu husaini tu chochote wamewekewa mezani. Ile fomu ya kusema umelipwa yote na huna dai, usiisaini hapo hapo ukilia, korti huiheshimu kama ulisaini kwa hiari yako. Sema unaenda kuisoma nyumbani.

Lakini kitu kikubwa ni tarehe. Hakuna mtu atakuandikia barua ati nimekufuta juu una mimba, ataiita ridandansi, yaani ati nafasi yako haihitajiki tena. Dada yangu alimwambia supavaiza wake siku ya Jumatatu, wiki mbili baadaye "nafasi yako imeondolewa", mwezi uliofuata msichana mwingine ameketi kwa kiti kile kile! Meseji za WhatsApp ndizo zilimwokoa, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, ukishaonyesha mambo yalifuatana hivyo ni mwajiri sasa wa kuthibitisha hakukubagua. Kwa hivyo piga skrinishoti kabla urudishe simu ya ofisi na imeli ifungwe, na uchukue zako tu, ukibeba orodha ya wateja umewapa sababu halali ya kukufuta.

Ridandansi ya kweli ina notisi ya mwezi mmoja, barua kwa afisa wa leba, na siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza, kwa hivyo uliza barua ya leba iko wapi, uone vile watababaika. Wakisema ni makosa yako, walifaa kukusikiza kwanza ukiwa na mwenzako wa kazi.

Kulalamika ofisi ya leba una miezi 3 tangu ufutwe, kortini miaka 3, sasa hizo "tulia tunashughulikia" za eichara, wale wa ofisi ya wafanyakazi, zinakula siku zako tu. Na usikope ukitegemea kesi, fidia ya kufutwa isivyo haki mwisho wake ni miezi 12 ya mshahara, majaji wengi huenda chini ya hapo.

Cheti cha kazi waombe kwa maandishi, lazima wakupe hata kama mmekosana, utakihitaji kutafuta kazi kabla kesi hata haijatajwa.