Ekseli imerudishwa, sasa gari linalia: anzia hapa

Gari likianza kulia baada tu ya kufanyiwa ekseli (chuma kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi), usikimbilie kununua beringi (ringi za gololi zinazofanya tairi lizunguke laini). Shuku kwanza vile vitu mkono wa fundi ulivyogusa. Mimi nafanya kazi Kondele, Kisumu, na Toyota Probox nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba "CV mpya ni mbovu" (CV ni kiungo kinachopinda kwenye kila ncha ya ekseli) huwa CV yake haina neno.

Kwanza kaza nati za tairi. Zikilegea, gari hugonga ko-ko-ko, hasa likienda polepole. Toyota ndogo nyingi hutaka Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na unakaza kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuata mzunguko. Kisha inua gari kwa jeki, weka stendi (jiwe si stendi, hata likiwa kubwa namna gani), toa gia, uzungushe tairi kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, chungulia lile bati jembamba nyuma ya diski. Habu (kitovu kinachofungwa tairi) ikitolewa, bati hilo hupindwa bila mtu kujua. Lirudishe nyuma kidogo kwa bisibisi, basi. Kuna mzee alikuja kutoka Siaya akiwa ameshauziwa beringi ya pili kwa sababu ya bati hilo hilo.

Gari likiwa bado juu, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi au nati kubwa ya ekseli haijakazwa. Ukibaki, angalia boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini). Nati hiyo kubwa ikilegea pia hutoa "ka!" moja unapoondoka, au unapotoka rivasi kwenda mbele. Weka nati mpya, na kama ina pini, usiisahau.

Sasa endesha. Uwanjani, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole ukikanyaga mafuta kidogo, kulia halafu kushoto. Ka-ka-ka mfululizo ni CV ya nje. Ya ndani hujificha mpaka ibebeshwe mzigo: panda mlima wa Riat, na gari likitetemeka unapokanyaga na kutulia unapoachia, ni hiyo. Hapo muulize aliyeifanya kazi aliitoa ekseli vipi. Wengi huivuta kwa kushika shafti, na rola za ndani huchomoka kwenye kikombe chake, yaani ganda la CV ya ndani. Hushikwa kikombe chenyewe. Na ekseli ikirudi kwenye giaboksi, klipu lazima iingie kabisa; ukikivuta kikombe kwa mkono, kisitoke.

Mvumo ndio unaosumbua watu zaidi. Nenda barabara ya Ahero, ni tambarare, ufike kilomita 80 kwa saa. Mvumo unaopanda na mwendo bila kujali unakanyaga mafuta au la hutoka kwenye beringi au tairi. Kwenye kona ya kushoto uzito huegemea kulia, kwa hiyo ukizidi hapo, mara nyingi ni beringi ya kulia. Bado una shaka? Hamisha tairi za mbele ziende nyuma: sauti ikihama nazo, beringi umeisingizia.

Beringi mpya inayovuma imeuawa siku ya kuwekwa. Ikiingizwa kwenye nakoli (chuma kinachobeba beringi na habu), nguvu ipite kwenye ringi ya nje peke yake. Habu ikiingia ndani ya beringi, ringi ya ndani ndiyo ishikiliwe kwa nyuma. Ukipitisha nguvu kwenye gololi, zinachimba vishimo kwenye njia yake, na hakuna grisi itakayoziba vishimo hivyo. Nyundo nayo? Hapana. Tafuta mwenye presi, umlipe. Wala usishushe uzito wa gari kabla nati ya ekseli haijakazwa, maana nako beringi huumia.

Kama mlio ni wa kukoroma chini ya mguu, breki inakupiga ukikaribia kusimama, au taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) imewaka, fungua uangalie beringi. Nyingi zina upande mmoja wenye sumaku ya kusomwa na sensa. Ikiwekwa kinyume, sensa haioni kitu au husoma vibaya, na hapo utalazimika kununua nyingine.